Simu ikilala, mfumo unadhani nyumba haina mtu

Swali: Nimefunga Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Nyumbani tuko watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye simu yake ni ya kawaida, haina intaneti. Nilitaka taa zizimike tukitoka na ziwake tukirudi, basi nikaweka pingi kwenye simu zetu mbili. Sasa saa nane usiku taa ya sebuleni inawaka yenyewe. Na juzi tulitoka sisi wawili jioni, taa zote zikazimika, mama akabaki gizani. Mume wangu anasema niving'oe vyote. Nimekosea wapi?

Dada, nianze na mama. Taa kuwaka usiku inakera tu, lakini mtu mzima akiachwa gizani ghafla anaweza kujikwaa na kuvunjika mfupa. Kabla hujasoma zaidi, nenda kaizime ile otomesheni, yaani kanuni inayojiendesha yenyewe, ya kuzima taa. Tutairudisha mwishoni, ikiwa imebadilika.

Halafu mwambie mume wako asing'oe kitu. Vifaa vyako havina kasoro. Kasoro iko kwenye swali unalouliza mfumo. Pingi inauliza: je, simu hii inanijibu sasa hivi? Wewe unataka kujua kama kuna mtu nyumbani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na usiku wa manane ndipo tofauti yake inapoonekana.

Fungua historia ya simu ya mume wako ndani ya Home Assistant, uangalie usiku mmojawapo ambao taa iliwaka. Naamini utakuta kitu kama hiki: saa 01:48 hali yake inageuka kuwa hayupo, saa 02:13 inarudi kuwa yuko nyumbani. Hakutoka kitandani. Simu ilikuwa mezani, skrini imezimwa, haiko kwenye chaji, na ili kutunza betri ikaacha kujibu kila anayebisha hodi kwenye Wi-Fi. Android ina usingizi wa namna hiyo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, na iPhone nayo hunyamaza sana ikiwa imefungwa. Pingi ikapigwa, kimya. Home Assistant husubiri muda uitwao `consider_home`, ambao usipoubadilisha ni sekunde 180, kisha huamua kwamba mwenye simu ameondoka. Dakika ishirini na tano baadaye simu ikazinduka kuchukua barua pepe, ikajibu pingi, na otomesheni yako ikaona mtu ametoka kuwa hayupo hadi kuwa yupo. Kwake huyo ni mtu aliyefika mlangoni saa nane usiku, akawashiwa taa.

Wengi wakifika hapa huongeza zile sekunde 180 ziwe 600 au 900. Inapunguza maudhi, lakini haiponyi, kwa sababu simu inaweza kulala kuliko muda wowote utakaoweka. Na ukiongeza mno, mfumo utakuja kujua mmetoka mkiwa mbali kabisa. Njia bora ni kuacha kuigongea simu na kwenda kumuuliza anayeijua: ruta. Simu hata ikilala, kwa kawaida hubaki imeunganishwa na Wi-Fi, na ruta inayo orodha ya vifaa vilivyoshikamana nayo wakati huo. Home Assistant ina viunganishi, yaani vipande vya programu vya kuzungumza na kifaa fulani, vya aina nyingi za ruta, zikiwemo zinazoendeshwa na OpenWrt, za MikroTik, FRITZ!Box, UniFi na ASUS. Angalia kama yako imo.

Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wakinaswa nao kwa majuma. Ruta ina orodha mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni ya vifaa vilivyoshikamana na Wi-Fi sasa hivi. Nyingine ni ya vifaa vilivyokodishiwa anwani ya IP na DHCP, ile huduma ya ruta ya kugawa anwani. Simu ikikodishiwa anwani kwa saa 24, jina lake linaweza kukaa kwenye orodha ya pili hadi kesho hata kama mwenyewe alishaondoka zamani. Kiunganishi kinachosoma orodha hiyo kitakuambia mume wako yuko nyumbani siku nzima. Jaribio lake ni jepesi: zima Wi-Fi ya simu, kaa nayo palepale, uhesabu dakika. Ikigeuka ndani ya dakika chache, unasoma orodha iliyo sahihi. Ikibaki vilevile kwa saa nzima, tafuta kiunganishi kingine au mpangilio mwingine. Na kama nyumba ina vituo viwili au vitatu vya Wi-Fi, hakikisha vyote vinasomwa, la sivyo mtu akihama kutoka sebuleni kwenda chumba cha nyuma ataonekana ametoka.

Jambo la pili ni anwani ya MAC, kile kitambulisho ambacho ruta inakitumia kuitambua simu. Zamani ilikuwa moja maisha yote ya kifaa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao inaojiunga nao, ili maduka na wenye mitandao ya umma wasiweze kumfuatilia mtu kila aendako. Ni ulinzi mzuri, na sipendi mtu auzime kila mahali kwa ajili ya taa. Ila ndani ya nyumba yako unaweza kukufanya umfuatilie mtu ambaye hayupo tena: siku simu ikisahau mtandao na kujiunga upya, huenda ikaja na anwani nyingine, na ile uliyoisajili ikabaki "hayupo" milele.

Kujua kama anwani ni ya bandia hakuhitaji programu yoyote. Soma herufi ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imetungwa. Kwa mfano, 5A:1C:… ni ya bandia kwa sababu ya ile A. 58:1C:… si ya namna hiyo. Ukikuta ya bandia, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, uchague mtandao wa nyumbani peke yake, uiambie itumie anwani ya kifaa. Kwenye iPhone zenye iOS 18 utaona chaguo tatu, na ile ya anwani isiyobadilika inatosha, kwani kinachotakiwa ni kwamba leo na kesho simu ije na jina lilelile. Ukimaliza, nenda kwenye ruta uitengee anwani hiyo IP yake ya kudumu.

Sasa una shahidi mmoja wa kuaminika kiasi. Mmoja hatoshi. Sakinisha programu ya Home Assistant kwenye simu zote mbili, ili GPS iwe shahidi wa pili. Ruhusa ya mahali lazima iwe ya wakati wote, si pale programu inapofunguliwa tu, na iwe ya mahali hasa, si pa kukadiria. Kwenye Android uiondoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa ili kutunza betri. Watu husahau ruhusa hizo, halafu wakalaumu GPS.

Kinachosahaulika zaidi ni njia ya habari kurudi nyumbani. Simu ikiwa mtaani inajua iko wapi, lakini lazima iiambie Raspberry Pi yako. Kama seva yako haifikiki kutoka nje, taarifa hazitafika, na mfumo utaendelea kushikilia ya mwisho iliyofika, ambayo ni "yuko nyumbani". Unaweza kutumia huduma ya wingu ya kulipia ya Nabu Casa, au ujiwekee VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa nje, kama WireGuard. Nakusihi usifungue tu mlango wa mtandao (port) kwenye ruta na kuiacha seva ya nyumba yako wazi mbele ya intaneti nzima. Mashine za kutafuta milango ya namna hiyo hazilali.

Eneo la nyumbani Home Assistant hulichora likiwa na nusu kipenyo cha mita 100. Usilipunguze. Ndani ya nyumba simu mara nyingi haioni setilaiti vizuri, hivyo hukisia kwa mitandao ya Wi-Fi na minara iliyo karibu, na makisio hayo hurukaruka. Ukichora duara dogo, mtu aliyekaa kwenye kochi ataonekana akitoka na kuingia mara kumi kwa siku.

Baada ya hapo, kwenye mipangilio ya watu, tengeneza mtu mmoja mmoja na umuunganishe na mashahidi wake wote wawili, ruta na programu. Otomesheni zako zimtazame mtu, zisiitazame simu. Ni vizuri ujue mfumo unavyoamua, kwa sababu siku utakapopata jibu la ajabu utajua pa kutazama. Shahidi yeyote asiyetumia GPS, kama ruta au Bluetooth, akisema mtu yuko nyumbani, huyo ndiye husikilizwa. Mashahidi hao wakisema hayupo, mfumo humgeukia GPS na kuchukua taarifa yake ya karibuni zaidi. Ndiyo kusema, usiku simu ikilala na ruta ikaipoteza kwa muda, GPS yenye taarifa ya "yuko nyumbani" humshikilia mume wako asionekane ametoka. Hilo peke yake litaondoa sehemu kubwa ya taa zako za saa nane. Ubaya wake ni kwamba GPS iliyokwama nayo itamshikilia mtu nyumbani akiwa safarini, na ndiyo maana nimesisitiza habari ya seva kufikika.

Kuna kitu ambacho naona otomesheni yako inakichukulia sawa wakati si sawa: kufika na kuondoka. Mtu akifika, mfumo ukikosea kwa kuamini upesi, gharama yake ni taa iliyowaka bure. Mtu akiondoka, mfumo ukikosea kwa kuamini upesi, gharama yake ni mama gizani. Kwa hiyo ushahidi wa kufika nautaka mmoja tu na haraka. Ushahidi wa kuondoka nautaka kutoka kwa kila shahidi, tena baada ya kusubiri. Dakika kumi ni kawaida yangu. Taa zikiwaka dakika kumi bila mtu si hasara ya kukosesha usingizi.

Kwenye otomesheni ya kufika, ongeza sharti kwamba iwe ni baada ya jua kuchwa, na mlango wa mbele uwe umefunguka ndani ya dakika chache zilizopita. Kihisi cha mlango, kile cha sumaku, ndicho kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote katika kazi hii. Hakuna aliyeingia au kutoka bila mlango kufunguka. Simu ikidai mwenyewe amefika saa 02:13 na mlango haujaguswa tangu saa nne usiku, simu inasema uongo. Pia ukiandika otomesheni ya "kutoka hayupo hadi yuko nyumbani", kumbuka kwamba mtu aliyeko kwenye eneo ulilolipa jina, mathalani Kazini, hali yake si "hayupo". Hali yake ni "Kazini". GPS ikichelewa kutoa taarifa, ataruka kutoka Kazini hadi nyumbani moja kwa moja na taa hazitawaka. Usibane hali ya kutokea. Zuia tu zile za kutojulikana, ili kuwasha upya seva kusionekane kama familia nzima imerejea.

Sasa turudi kwa mama, maana yote niliyosema hadi hapa hayamgusi. Hana simu ya kufuatilia, hivyo kwa mfumo wako hajawahi kuishi katika nyumba hiyo. Wapo watakaokushauri umpe bikoni ya Bluetooth, kidude kinachotangaza jina lake hewani, aivae au aifunge kwenye funguo, na vifaa vidogo vya ESP32 vyumbani viisikilize. Kitaalamu inafanya kazi, na tofauti na simu, ambayo kwa Bluetooth hubadilisha anwani yake takriban kila robo saa, bikoni hutangaza jina lilelile siku zote. Lakini mimi sipendi kumvisha mzazi alama ili apate haki ya kuwa na mwanga nyumbani kwake. Siku akiiacha kwenye nguo za kufuliwa, taa zitazimika tena. Nyumba ndiyo imtambue yeye, bila yeye kubeba chochote.

Vihisi vya mwendo vya kawaida, vile vya kunusa joto la mwili likipita, havitoshi. Mama akikaa kimya anasikiliza redio au amesinzia kwenye kiti, kihisi kitasema chumba ni kitupu. Nunua kihisi cha rada. Vingi vinatumia masafa ya GHz 24 au 60, na kizuri kikielekezwa vyema kinaona hata kifua kinavyopanda na kushuka mtu anapopumua. Ubaya wake ni kwamba kinaona pia feni inayozunguka na pazia linalopeperuka, hivyo kielekeze kwenye kiti na kitanda, mbali na dirisha, na upunguze umbali wake wa kuona usivuke ukuta. Kimoja sebuleni, kimoja chumbani kwa mama. Cha tatu, fedha ikiruhusu, kiwe chumbani kwenu.

Viunganishe katika kundi moja la vihisi, uliite `nyumba_ina_mtu`, likiwa na kanuni kwamba kimoja kikiona mtu basi kundi zima limeona. Ongeza na swichi ya dashibodi iitwayo `mgeni`, ya kuwasha siku mkiwa na mtu anayelala chumba kisicho na rada. Ile swichi niliianza nyumbani kwangu baada ya baba yangu kuja kunitembelea. Nilitoka kwenda kazini, yeye akiwa bafuni, na mfumo wangu ukazima kila taa. Aliniambia jioni kwa upole kwamba alidhani umeme umekatika. Sijaisahau sauti yake, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika otomesheni ya kuzima taa inayotegemea simu peke yake.

Otomesheni yako mpya iwe hivi:

```
alias: Nyumba haina mtu
triggers:
  - trigger: numeric_state
    entity_id: zone.home
    below: 1
    for: "00:10:00"
  - trigger: state
    entity_id: binary_sensor.nyumba_ina_mtu
    to: "off"
    for: "00:10:00"
conditions:
  - condition: numeric_state
    entity_id: zone.home
    below: 1
  - condition: state
    entity_id: binary_sensor.nyumba_ina_mtu
    state: "off"
    for: "00:10:00"
  - condition: state
    entity_id: input_boolean.mgeni
    state: "off"
actions:
  - action: light.turn_off
    target:
      entity_id: all
```

Hiyo `zone.home` ni namba: idadi ya watu uliowasajili ambao wako nyumbani. Vichocheo ni viwili kwa makusudi. Mkitoka nyinyi wawili mama akiwa sebuleni, kichocheo cha kwanza kitaita, masharti yatakataa, na mambo yataishia hapo. Lau kingekuwa hicho peke yake, mama naye akitoka baadaye hakuna ambacho kingeita tena. Cha pili ndicho kinachomngoja yeye. Na usisahau swichi za ukutani: ziendelee kuwasha taa hata seva ikizimika kabisa.

Mambo mawili kabla hujaanza. Usiruhusu ufuatiliaji huu ufungue kufuli ya mlango. Anwani ya MAC inaigika na mtu yeyote mwenye kompyuta na nia mbaya. Taa iwake kwa kubahatisha, sawa, kufuli isibahatishe. La pili, Home Assistant huweka kumbukumbu za siku 10 kama hukubadilisha, na humo kuna mahali mume wako alipopita kila siku. Mwoneshe ukurasa huo mwenyewe, akiwa ameushika mkononi. Akisema hataki njia zake zihifadhiwe, ziondoe kwenye orodha ya vinavyorekodiwa. Taa zitaendelea kufanya kazi vilevile, kwa sababu otomesheni inahitaji hali ya sasa tu. Pengine sehemu ya hamu yake ya kuving'oa inatoka hapo, na ni haki yake kuulizwa.

Wiki ya kwanza usiiache izime kitu. Badala ya kuzima taa, ikutumie ujumbe kwenye simu: "Ningezima sasa." Kila ujumbe ukifika, mpigie mama au angalia mwenyewe kama kweli hakuna mtu. Na kabla ya wiki hiyo haijaanza, kaa kwenye kiti anachopenda mama, kama anavyokaa yeye, mikono mapajani, usitikisike kwa dakika kumi, huku mume wako akitazama dashibodi. Rada ikikupoteza hata mara moja, isogeze, ukae tena.